Mgonjwa wa Mlimani

Mtu asimamaye mjini Same na kuinua macho yake huiona milima ya Upare imesimama mbele yake kama ukuta wa nyumba. Asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka, aweza kuona hata moshi wa nyumba za watu na migomba iliyo miteremkoni. Mgeni husema, "Kumbe, ni hapa tu!" Lakini akianza kupanda, jua humfikia utosini naye angali njiani, na ule moshi aliouona umejificha nyuma ya kilima kingine. Ndipo ajuapo neno ambalo kila mtoto wa Upare hulijua, ya kuwa milimani njia haipimwi kwa macho, hupimwa kwa saa.

Kwa mtu mwenye afya neno hili si kubwa. Akichelewa hulala kwa ndugu zake, na kesho huendelea na safari. Lakini kwa mgonjwa saa ni kitu cha thamani, tena pengine ni uzima au mauti. Kwa hiyo yatupasa sisi tukaao milimani, na wote wasafirio huko, tujue jinsi ya kumpatia mgonjwa msaada.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Milima ya Upare ni safu mbili. Upare wa Kaskazini, ndiko Ugweno na Usangi, umo katika wilaya ya Mwanga. Upare wa Kusini, ndiko Mbaga, Chome, Suji, Vudee na Mamba, umo katika wilaya ya Same. Kilele kirefu kupita vyote ni Shengena, juu ya msitu wa Chome, nacho kimeinuka karibu mita 2,460 juu ya bahari. Chini, upande wa mashariki, iko nyika ya Mkomazi na mashamba ya mpunga ya Ndungu, na huko ni joto. Kila mtu apandapo mita 1,000, hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Basi msafiri aliyetoka Same asubuhi na shati moja tu, akifika karibu na Shengena jioni, hutetemeka kwa baridi. Na mvua ikimlowesha, baridi hiyo yaweza kumwua.

Huko juu kuna zahanati katika vijiji vingi, na wauguzi wake hufanya kazi kubwa. Hupima damu, hutoa dawa, hudunga sindano, huchanja watoto. Lakini mgonjwa apaswaye kupasuliwa au kuongezewa damu hana budi kwenda hospitali. Hospitali ya wilaya iko mjini Same. Hospitali ya Kilutheri iko Gonja, chini ya mlima, upande wa mashariki. Na wenye ugonjwa mzito kupita kiasi hupelekwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Zitazameni hospitali hizo tatu: hakuna hata moja iliyo juu mlimani. Basi kwa mgonjwa mahututi wa mlimani, safari ya kutafuta msaada ni safari ya kushuka.

Sasa nitawasimulia habari niliyoiona mwenyewe, wala sioni fahari kuisimulia, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Katika shule moja niliyofundisha, huko juu, alikuwapo mvulana wa darasa la tano. Wakati wa likizo alishuka Ndungu kwa mjomba wake, akakaa huko majuma mawili akiamia ndege katika mpunga. Akarudi mwenye furaha, amemchukulia mama yake mchele kikapuni. Siku ya kumi baada ya kurudi kwake, nayo ilikuwa Jumatatu, alilaza kichwa juu ya dawati akasema, "Mwalimu, nasikia baridi." Nikatazama nje, nikaona ukungu umefunika uwanja wote, nikamjibu, "Sote twasikia baridi, mwanangu. Nenda nyumbani ukanywe chai ya tangawizi."

Jumanne hakuja. Baada ya masomo nilipita kwao. Babu yake alinikaribisha vizuri akaniambia, "Mwalimu, hii ni baridi ya mlima tu. Haraka haraka haina baraka. Tumwache alale, kesho atainuka." Mtoto mwenyewe alitoka mlangoni kwa miguu yake, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikaenda zangu. Wala sikumwuliza neno moja ambalo ningalipaswa kumwuliza: "Majuma yaliyopita ulikuwa wapi?"

Jumatano alfajiri mwili wake ulikakamaa, macho yakageuka, akawa hamjui mama yake wala baba yake. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja. Muuguzi alimpima damu, akaona malaria, akamdunga sindano ya kwanza, akasema, "Huyu ni wa hospitali, tena asikawie." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, gari halikuweza kupanda. Ndipo mbiu ikapigwa, na watu wakaja kama wanavyokuja katika msaragambo, ile desturi yetu ya kufanya kazi pamoja, tutengenezapo njia au ndiva za kuhifadhia maji ya mashamba. Walikuja wanaume kumi na wawili. Tukamchukua mtoto kwa machela muda wa saa nne, katika matope, tukishuka njia ile ile ambayo Jumanne angaliweza kuishuka mwenyewe akishikwa mkono.

Alipona. Alikaa hospitali siku tisa. Lakini aliporudi shuleni, muda wa miezi mingi alikuwa mzito wa kusoma, naye zamani alikuwa mwepesi kuliko wote. Daktari aliniambia, "Mngalimleta juzi, angalimeza vidonge akarudi nyumbani." Na babu yake aliponijia kunishukuru, alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, methali zetu ni nyingi, nami siku ile nilichagua isiyo yake. Ilinipasa niseme: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma vitabu.

Huenda mtauliza, malaria imefikaje mlimani penye baridi? Sikilizeni sababu yake. Malaria huenezwa na mbu aitwaye anofelesi. Mbu huyo akimnyonya mgonjwa, hupata vidudu vya malaria, navyo hukua tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Vidudu hivyo hupenda joto. Penye baridi hukawia kukua, hata mbu wengi hufa kabla vidudu havijakomaa. Kwa sababu hiyo, kadiri mtu apandavyo mlima, malaria huzidi kupungua. Lakini mtu wa mlimani ashukapo bondeni huumwa na mbu kama wenzake. Ugonjwa hauonekani siku ile. Hukaa mwilini siku saba au zaidi, na mara nyingi siku kumi hata kumi na tano. Na wakati huo yule mtu amekwisha kurudi kwao katika ukungu. Tena, kwa kuwa mwili wake haukuzoea kupigana na malaria, huweza kumshika kwa nguvu zaidi kuliko mtu aliyekulia bondeni. Basi mtu akipata homa mlimani, swali la kwanza ni hili: "Ulishuka lini, na ulilala wapi?" Aliyelala bondeni na apimwe damu siku ile ile.

Wenye elimu ya uganga wamechunguza kwa nini wagonjwa, na hasa mama wajawazito, hufa na hali dawa zipo. Wamesema kwamba kuna kuchelewa kwa namna tatu. Kwa kwanza ni kuchelewa kukata shauri nyumbani. Kwa pili ni kuchelewa njiani. Kwa tatu ni kuchelewa kupata matibabu mgonjwa akiisha kufika. Kwa tatu ni kazi ya waganga na Serikali. Kwa pili ni kazi yao na yetu pamoja. Lakini kwa kwanza ni juu yetu sisi wenyewe. Mvulana yule alichukuliwa njiani saa nne, lakini nyumbani alipotezewa siku mbili. Barabara haikumchelewesha kama tulivyomchelewesha sisi.

Mtu atajuaje kuwa wakati wa kukata shauri umefika? Ziko dalili zisizongoja kesho. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, mgonjwa atapikaye kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea hata haamki vizuri, mama mjamzito atokwaye na damu, au aumwaye kichwa sana na macho yake kuona giza, mtu aliyeumwa na nyoka, hawa wote waondoke mara moja. Iko na dalili nyingine ambayo hata ninyi wanafunzi mwaweza kuitambua, maana mwajua hesabu. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, mtazame kifua chake, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima ya saa. Mtoto wa mwaka mmoja hata miaka mitano akipumua mara 40 au zaidi, na mtoto wa miezi miwili hata mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, yamkini mapafu yake yana ugonjwa. Huyo apelekwe kwa muuguzi, wala asiachwe kwa kusema, "Ni mafua ya mlimani."

Shauri likiisha kukatwa, ni vema mgonjwa ashuke angali na nguvu zake. Awezaye kutembea atembee polepole, akishikwa. Awezaye kuketi vizuri achukuliwe kwa pikipiki au gari, kama njia inapitika. Lakini aliyezimia, na aliyevunjika mguu au kuumia mgongo, na aliyeumwa na nyoka, hao wasitembezwe wala wasipandishwe pikipiki. Hao ni wa machela. Mguu uliovunjika ufungwe kwanza kwa vipande viwili vya mti vilivyonyoka, huku na huku, vikiwekewa nguo ndani visimchubue. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, wala jeraha lake lisinyonywe. Atulizwe tu, na kiungo kilichoumwa kisichezechezwe.

Machela hutengenezwa hivi. Twaeni miti miwili yenye nguvu, mirefu kuliko mtu. Twaeni na magunia mawili au matatu, mkayatoboe pembe za chini, mkapitishe miti ndani yake. Wachukuzi wawe wanne kwa zamu moja, na wengine wanne au wanane wafuate kuwapokea, maana miteremko ya Upare huchosha magoti upesi. Wa mbele atangaze kila jiwe na kila mfereji, ili wa nyuma wasijikwae. Mgonjwa afunikwe blanketi chini na juu, kwa sababu alalaye bila kujitikisa hushikwa na baridi kuliko wamchukuao. Aliyezimia alazwe ubavu, matapishi yasimzibe koo, wala asinyweshwe kitu chochote.

Kabla ya machela kuondoka, habari itangulie. Siku hizi simu ya mkononi yasaidia sana, lakini yako mabonde ambayo simu haishiki. Kila kijiji na kijue ni kilima gani simu hushika, na kijana mwepesi apande huko. Kwa mama wajawazito na watoto wachanga iko namba ya simu 115, isiyolipiwa, ambayo kwayo husaidiwa kupata gari la kuwapeleka hospitali. Penye shida ya simu, watumwe watu wawili, wala si mmoja, wenye barua. Na barua hiyo ieleze mambo haya: jina la mgonjwa na umri wake, ugonjwa ulianza siku gani na saa ngapi, dalili alizo nazo, dawa aliyokwisha kupewa, hata kama ni dawa ya miti shamba, na saa aliyopewa, tena njia watakayoshuka nayo, ili gari liwangoje mahali penyewe. Kuficha dawa ya nyumbani kwa haya ni kumfumba macho daktari. Kisha mtu mmoja wa nyumbani achukue kadi ya kliniki, na ndugu wengine wenye afya wafuatane na mgonjwa, pengine watatakiwa kutoa damu.

Tena chagueni njia kwa akili. Wakati wa masika na wa vuli njia fupi si njia ya karibu siku zote. Mwezi wa Novemba, mwaka 2009, mvua kubwa iliporomosha udongo wa mlima huko Mamba Miamba, katika wilaya ya Same, ukafukia nyumba, na watu wengi wakafa. Wachukuzi wa mgonjwa wasipite chini ya mteremko uliokwisha kupasuka, wala wasivuke mto uliofurika kwa kutumaini nguvu zao. Afadhali kuzunguka na kufika.

Nimenena habari za milima yetu, ambayo si mirefu sana. Lakini vijana wengine wa Upare huenda Kilimanjaro kuwachukulia wageni mizigo, na mlima ule umefika mita 5,895. Huko iko hatari nyingine. Mtu apitapo mita 2,500 hivi, hewa imekuwa nyepesi hata mwili waweza kuikosa nguvu yake. Aliyepanda kwa haraka huumwa kichwa, huchafukwa moyo, huona kizunguzungu, hakosi kuchoka, wala halali usingizi. Ugonjwa huu haubagui. Humshika kijana mwenye nguvu kama mzee, na mpagazi kama mgeni. Aonaye dalili hizo asipande tena mpaka zimwondokee, zikizidi, ashuke. Na mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyo na maana, au kuhema hali ameketi, ashushwe saa ile ile, ingawa ni usiku, naye asiachwe ashuke peke yake. Wapagazi wengine huficha maumivu yao kwa kuogopa kukosa ujira. Ujira hupatikana tena safari ya pili; pumzi haipatikani tena.

Basi mwaona ya kuwa mlima mrefu na mlima mfupi vyatufundisha jambo moja. Kupanda kwataka nguvu, lakini kushuka mapema kwataka akili. Si aibu mtu kushuka na mgonjwa, akaambiwa na daktari, "Ugonjwa huu ni mdogo." Hiyo ni habari njema, nayo imempotezea kutwa moja tu. Aibu ni kungoja mpaka mgonjwa aliyeweza kutoka mlangoni kwa miguu yake achukuliwe mabegani mwa watu. Tangu siku ile, mtoto aniambiapo, "Mwalimu, nasikia baridi," siutazami ukungu tena. Namtazama yeye.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi asema ya kuwa milimani njia hupimwa kwa saa?
2. Mvulana yule aliambukizwa malaria wapi, na kwa nini hakuugua mara moja?
3. Taja namna tatu za kuchelewa. Ni ipi iliyo juu yetu sisi wenyewe?
4. Andika barua fupi ya kumpeleka hospitali mtoto wa miaka minne mwenye homa na degedege. Usisahau jambo hata moja katika yale yaliyotajwa.
5. Chora ramani ya njia kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali iliyo karibu. Onyesha mito, miteremko ya hatari, na mahali simu inaposhika. Andika kila sehemu ni mwendo wa saa ngapi.